Kubandika elektrodi usoni: rula au vidole?

Mtafiti_mpya: Habari zenu wakuu. Wiki ijayo naanza jaribio la kurekodi umeme wa misuli ya uso watu wakitazama picha, kwa elektrodi (vipande vidogo vya kunasa umeme huo, hubandikwa kwenye ngozi). Mahali pa kuzibandika nipapime kwa rula kama miongozo ya watafiti Fridlund na Cacioppo ya 1986, au nipapase msuli kwa kidole?

Nyuzi: Misuli ipi? Na elektrodi zako zina upana gani? Bila hayo tunakisia tu.

Mtafiti_mpya: Wa kukunja nyusi na wa kutabasamu. Ninazo stika zile za kupimia moyo.

Mama Maabara: Za moyo ziache kifuani, mwanangu. Usoni vitovu vya elektrodi mbili huachana kama sentimita 1. Hizo hata ukizigusanisha zinazidi. Tafuta elektrodi ndogo za umbo la kikombe, za milimita 4. Nyusi: piga mstari wima kupitia kona ya ndani ya jicho, ya kwanza ikae juu tu ya nyusi, ya pili sentimita 1 kuelekea nje, ipande kidogo. Tabasamu: katikati ya pembe ya mdomo na kibonyeo cha mbele ya sikio, ya pili sentimita 1 chini kuelekea mdomoni.

Kidole_Kwanza: Rula haijui uso wa mtu. Mwambie akunje ndita, utausikia msuli ukijikusanya chini ya kidole.

Nyuzi: Kwenye nyusi sawa. Shavuni kidole kinadanganya, msuli wa kutafuna uko jirani na una nguvu. Kuna mradi niliitwa kuchambua data, walibandika nyuma mno, karibu na pembe ya taya. Picha za kutisha zikatoa "tabasamu" kubwa kuliko za watoto wanaocheka! Kurudi kwenye video, washiriki walikuwa wakiuma meno kwa woga. Data yote ya shavu ikatupwa.

Mama Maabara: Ndiyo maana kabla ya kurekodi mwambie atabasamu, kisha aume meno. Umeme wa kuuma ukizidi wa tabasamu, bandua usogeze mbele.

Kidole_Kwanza: Ukimwambia atabasamu si ameshajua unapima nini? Jaribio limeharibika hapo.

Nyuzi: Fanya hivyo mwishoni basi.

Mama Maabara: Mwishoni utasogeza nini, kaka? Data imeshaingia.

Mtafiti_mpya: Na wenye ndevu?

Kidole_Kwanza: Wanyolewe.

Mama Maabara: Humnyoi mtu ndevu kwa ajili ya jaribio! Sugua ngozi kwa spiriti, upinzani wa umeme kati ya ngozi na elektrodi ushuke chini ya kiloomu 10. Poda nayo itoke kwanza.