Nimejiajiri, nakaribia miaka 42: pensheni binafsi niiweke kwa nani? (Mombasa)

FundiBaridi
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni fundi wa AC na friji hapa Mombasa. Niliajiriwa hotelini, nikaacha 2017, tangu hapo najitegemea. Kazi ipo, shida ni kwamba pesa yake haina mpango. Agosti na Desemba nashinda juu ya ngazi hadi usiku. Masika ikiingia, hoteli za Diani zinafunga vyumba na simu inanyamaza.

Nataka kuanza kuweka akiba ya uzeeni kwa utaratibu, na nimeongea na pande tatu. Wa kwanza ni agenti wa kampuni ya bima, tena ni shemeji yangu. Anataka nilipe shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka 15, anasema pesa haiwezi kupotea. Wa pili ni kampuni inayosimamia skimu (mifuko) za pensheni binafsi: niweke ninachopata, nikipata, kwa M-Pesa, ila faida inategemea uwekezaji wa mwaka huo. Wa tatu NSSF, mfuko wa serikali, ambako nina namba tangu nilipoajiriwa.

Halafu zipo pesa zangu za skimu ya pensheni ya ile hoteli niliyofanyia kazi. Ziko kulekule, sijazigusa.

Mtu anaangalia nini hapa? Faida ya mwaka jana? Ukubwa wa jina? Naomba ushauri, na ikiwezekana nisikosane na shemeji.

MamaZuhra
Ya shemeji ndiyo inayonitia wasiwasi. Hebu itoe hiyo fomu uisome kabla hujaweka sahihi. Kama inazungumzia ada ya bima, na nyuma kuna jedwali la kukuonyesha utarudishiwa kiasi gani ukivunja mkataba mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, basi hiyo ni bima ya maisha yenye akiba. Si pensheni. Haina ubaya kwa anayeitaka, lakini ukivunja miaka ya mwanzo unaambulia kidogo mno au hupati kitu. Sasa wewe ambaye Mei na Juni huna uhakika na kodi ya nyumba, 10,000 kila mwezi bila kukosa utaitoa wapi?

Kampuni za bima zina pensheni za kweli pia, tena nzuri. Muulize shemeji swali moja tu: skimu hii imesajiliwa RBA, mamlaka inayosimamia pensheni Kenya, kwa jina gani? Akikujibu kwa hadithi ya mteja wake aliyejenga nyumba, umeshajua.

VyumbaMtwapa
Pensheni yangu mimi ni vyumba sita vya kupangisha. Nani atakaa miaka 20 akisubiri karatasi?

MamaZuhra
Vyumbani ni kuzuri hadi mpangaji akatae kulipa na pampu ya kisima ife wiki hiyohiyo. Na ardhi ya Pwani tunaijua, hati zake zinaweza kukuzeesha kabla ya uzee wenyewe. Anayetaka nyumba wala hakatazwi: tangu 2020 kanuni zinamruhusu mwanachama wa skimu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isizidi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi.

HesabuKwanza
Mimi ni mhasibu, nitaandika kirefu kidogo.

Fundi, swali lako la "faida ya mwaka jana" liweke mwisho. La kwanza ni nani anashika pesa. Kwa sheria ya Kenya ya 1997 iliyounda RBA, kazi zimegawanywa makusudi. Wapo wadhamini, hao ndio wenye dhamana kwako. Yupo msimamizi, anayetunza rekodi, kupokea michango na kukupa taarifa. Yupo meneja wa uwekezaji anayeamua inunuliwe hati fungani ya serikali (yaani kuikopesha serikali) au hisa. Na yupo mtunza mali, mara nyingi benki, ambaye ndiye anayeshika pesa na hati zenyewe. Yule kijana wa ofisini anayekuhudumia ni wa msimamizi. Hatakiwi kuwa na mkono ndani ya kasha. Omba majina yote manne kwa barua pepe, kisha yalinganishe na orodha ya waliosajiliwa kwenye tovuti ya RBA. Anayesuasua kukupa majina, achana naye. Na M-Pesa yako iende kwenye paybill (namba ya malipo) ya skimu, namba ya akaunti ikiwa namba yako ya uanachama. Isipitie namba ya mtu, hata awe shemeji.

Skimu iliyowekwa kwenye mfuko wa dhamana wa kampuni ya bima inakwenda tofauti kidogo: kampuni ndiyo inayowekeza, na inakuahidi mtaji wako na kiwango cha chini cha faida kilichoandikwa. Mwaka mbaya unalala vizuri, mwaka mzuri hupewi yote iliyochumwa. Kwa mwenye miaka 57 ningesema sawa. Kwa wa 41, tuzungumze.

Sasa makato, na hapa ndipo watu wanapopigwa bila kujua. Chukua 10,000 kwa mwezi kwa miaka 20. Ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka unafika kama milioni 7.6. Makato yakila asilimia moja tu, ikawa 9, unafika kama milioni 6.7. Tofauti ni zaidi ya 900,000, na hakuna siku hata moja utakayoona imetoka. Kwa hiyo usiulize "mnakata ngapi" ukajibiwa ada ya usimamizi peke yake. Uliza jumla ya gharama zote, pamoja na ya meneja, ya mtunza mali na ya kujiunga, kisha uombe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu uone kama inalingana na walichokuambia.

Swali kwako: KRA, yaani mamlaka ya kodi, unalipa kodi gani?

FundiBaridi
Nalipa TOT, kodi ya mauzo ya biashara ndogo, ile asilimia 3. Agenti na wale wa pili wote wameniambia nitapunguziwa kodi nikichangia.

HesabuKwanza
Hapo wamekuimbia wimbo wa mtu mwingine. Ni kweli kuanzia mwisho wa Desemba 2024 kiwango cha juu cha mchango wa pensheni unaotolewa kwenye mapato kabla ya kodi kilipandishwa kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Lakini hiyo ni kwa anayelipa kodi ya kawaida ya mapato. TOT inakatwa kwenye mauzo ghafi. Hutoi gharama, hutoi mchango. Ukichangia 10,000, TOT yako haishuki hata senti.

Unaweza kuiandikia KRA uhamie kodi ya kawaida. Mwenye gharama kubwa za gesi, mabomba ya kopa na vipuri, kama wewe, wakati mwingine inamlipa, lakini itabidi utunze risiti zote. Piga hesabu kwanza, usihame kwa sababu ya pensheni tu. Wakati wa kutoa ndipo nafuu inakuja kwa wote: sheria hiyohiyo ya Desemba 2024 imeondoa kodi kwenye malipo ya anayefika umri wa kustaafu wa skimu, au aliyekaa mwanachama miaka 20.

Na vijana unaofanya nao kazi? Ukiwaajiri, NSSF yao ni lazima, asilimia 6 yao na 6 yako.

KijanaWaLikoni
Samahani kuingilia uzi. Kwa sisi tunaoepuka riba, huo mfuko wa dhamana si ni riba tupu?

MamaZuhra
Hukumu muulize ustadhi wako, mwanangu, mimi si mwanachuoni. Kwa upande wa karatasi, omba sera ya uwekezaji ya skimu. Hati fungani za serikali, zile za kawaida, zinalipa riba, na ndizo zilizojaa kwenye skimu nyingi za Kenya. Anayekuambia skimu yake ni halali akuonyeshe kamati ya masheikh inayoikagua na orodha ya mali zenyewe. Brosha yenye picha ya msikiti haitoshi.

FundiBaridi
Shukran sana wote. Mrejesho wa wiki hii.

Fomu ya shemeji ilikuwa ni bima ya maisha kama alivyosema Mama Zuhra, jedwali lipo ukurasa wa nne: nikivunja mwaka wa kwanza au wa pili, sifuri. Nimemwambia nitachukua bima ndogo kwake nikimaliza hili, hajanuna sana.

Wa pili walinitumia majina manne siku ileile na yote yako kwenye orodha ya RBA. Hesabu walituma za mwaka mmoja, nikasisitiza, zikaja tatu. Zile za hoteli wanasema zinahamishika kutoka skimu hadi skimu bila kodi kwa sababu sizitoi. Nimeshaandika barua. NSSF nitabaki kwa hiari na kiwango kidogo. Nitaanza na 4,000 kila mwezi, Desemba niongeze nitakachojaliwa.

Limebaki moja. Kwenye fomu kuna sehemu ya warithi. Nina mke, watoto wawili, na mama yangu mzazi ananitegemea. Wa ofisini aliniambia jaza tu yeyote, tutarekebisha baadaye.

HesabuKwanza
Usijaze tu yeyote. Kwa sheria ya RBA pesa ya skimu haingii kwenye mirathi, inalipwa kwa uliowataja. Ukimwandika mke peke yake, mama anaweza kukosa pa kudai. Ukimwandika kaka yako ukiamini atawagawia, uamuzi utakuwa wake. Weka asilimia kwa kila mmoja zifike 100, majina kama yalivyo kwenye vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, na kwa watoto walio chini ya miaka 18 uandike mlezi. Kama unataka igawiwe kwa taratibu za dini, kaa na kadhi kabla ya kujaza asilimia. Kisha upige picha fomu iliyogongwa muhuri, umpe mkeo nakala.