Kasa wa Pemba: nitawajibu nini wanaosema "babu zetu walikula"?

Mwalimu wa Mkoani
Assalamu alaikum. Machi 2024 Kisiwa Panza walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja kwa nyama ya kasa, wakalazwa 78. Novemba 2021 walikufa 7 hapa hapa Pemba. Bado barazani wanasema nyama ilitiwa sumu, au ni uchawi, na zaidi ya yote, "babu zetu wamekula kasa na hawakufa". Maneno hayo yanarudi darasani. Wanafunzi wanasema madaktari wenyewe husema "inadhaniwa", basi hawajui. Nataka niwafundishe kuipima hoja, siyo kuamrishwa waamini.

Bi Afya
Wa alaikumu ssalaam mwalimu. Anza na hilo "inadhaniwa". Kwamba nyama ya kasa inaweza kuua halina mjadala: vifo vimeandikwa Madagaska, visiwa vya Pasifiki na hapa kwetu. Kinachodhaniwa ni chanzo cha sumu. Kasa haitengenezi, anaipata kwenye chakula chake, na mwani wenye sumu ndio unaoshukiwa zaidi. Kutojua nani kawasha moto hakuizuii nyumba kuungua.

Kuhusu babu zetu: si kila kasa ana sumu, inategemea alikula wapi na nini. Ukoo unaweza kula wengi salama, kisha ng'amba (aina ya kasa) mmoja akamaliza watoto wa nyumba. Na barazani wanasimulia waliopona tu, waliokufa hawapo kusema.

Nyama yenye sumu haibadiliki rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha, kukaanga, kukausha au kutia ndimu hakuiondoi. Wanaomuonjesha paka kwanza wanajidanganya, maana dalili huanza baada ya saa chache au hata siku kadhaa. Paka mzima jioni hathibitishi kitu.

Hesabu za Shehia
Wape zoezi la visanduku vinne: waliokula wakaugua, waliokula wasiugue, wasiokula wakaugua, wasiokula wasiugue. Tunga mfano wa shughuli ya watu 40. Waliokula kasa ni 30, wakaugua 24, yaani asilimia 80. Wasiokula ni 10, akaugua mmoja, asilimia 10. Tofauti ni mara 8.

Kisha waache wakosee makusudi: wawahesabu wagonjwa peke yao. Wataona wote 25 walikula wali, na wali nao utaonekana muuaji. Hapo wenyewe watadai kujua waliokula wali bila kasa walikuwaje. Hilo swali la "na wasiougua je?" ndilo linalokosekana kwenye sauti zinazosambazwa WhatsApp, mtu anataja wagonjwa watatu na sababu moja, basi.

Waeleze pia kwamba kila mtu aulizwe peke yake. Ukiwauliza kwa pamoja, mkubwa akisema "ni wali", wote wataukumbuka wali.

Halafu uzito. Kipande kile kile kwa mtoto wa kilo 15 ni mara nne ya kwa mtu wa kilo 60, kwa kila kilo ya mwili. Ndiyo maana watoto hutangulia kufa, na hapana haja ya kumtafuta mchawi anayewachagua.

Mwalimu wa Mkoani
Ahsanta sana. Kuna hoja moja inanitesa: "mbona mtoto wa kunyonya kaugua na hakula nyama? Huo uchawi."

Bi Afya
Imeandikwa katika matukio kama haya kwamba sumu hupita kwenye maziwa ya mama. Mtoto huyo ni ushahidi wa sumu. Muulizeni mama alikula nini.

Dai la kutiwa sumu nalo lipimwe. Nyama ya kasa yule ilipikwa vyungu vingapi? Kama wameugua watu wa nyumba mbalimbali, wapishi tofauti, chumvi tofauti, na kinachowaunganisha ni mnyama mmoja, anayesema kuna mtu katia sumu aeleze aliingiaje majiko yote. Na anayesema uchawi mwambieni ataje kitu ambacho kikionekana atakubali kwamba si uchawi. Kumuamini Mungu na kadari yake hakugombani na kuuliza sababu.

Dalili wazijue: mdomo na koo kuwaka, vidonda ulimini, kutapika, kuharisha, kizunguzungu, kisha usingizi mzito. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii, hospitali humsaidia mgonjwa kwa maji ya mshipa na kupumua mpaka mwili ushinde. Waliokula wote wapelekwe, hata asiyeumwa.

Kinachopoteza saa ni kuficha. Kuua kasa ni kosa kisheria, basi familia husema "alikula samaki". Mwalimu, hili lisisitize: neno la kwanza kwa daktari ni "kala kasa", saa ngapi, na nani wengine walikula.