Chuma kikianguka kutoka angani, unamdai nani?

Nahodha Mstaafu (Malindi)

Hamjambo ndugu zangu. Mimi si mtu wa kuandika sana. Mjukuu ndiye aliyenifungulia hapa, na miwani yangu ina ufa, kwa hivyo mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Swali lilianzia barazani baada ya isha. Tulikuwa tunazungumzia ile pete ya chuma iliyoangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Mnaikumbuka: upana mita mbili na nusu, uzito karibu kilo 500, Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja likasema ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi. Alhamdulillahi haikumgusa mtu. Basi fundi mmoja wa majahazi akauliza, "Na ingekiangukia chombo changu, ningemdai nani?" Mmoja akasema serikali. Wa pili akasema Wamarekani, maana kila kilicho juu ni chao. Wa tatu akasema hiyo ni kadari, kadari haidaiwi. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa.

Mimi kudai nakujua. Mwaka juzi lori lilirudi nyuma likaangusha ukuta wa banda langu la kuku. Lori nililiona, nambari niliandika, dereva nilimpa mkono kabisa, na mpaka leo naambiwa "njoo Jumatatu". Sasa kitu kilichoshuka kutoka juu, hakina nambari wala dereva, nitaanzia ofisi gani?

Ninayo na sababu nyingine ya kuuliza, lakini kwanza nijibiwe hili.

Wakili wa Kariakoo

Shikamoo mzee. Sheria ipo, na kwa maandishi ni kali kuliko ile ya lori lako. Ni Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972, mtoto wa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967. Unasema hivi: chombo cha angani kikileta madhara juu ya ardhi, au kikiigonga ndege iliyo hewani, nchi iliyokirusha inalipa. Huhitaji kuthibitisha kwamba kuna aliyezembea. Ni kama mbuzi wa jirani kuingia kwenye mahindi yako: hatuulizi kamba ilikatikaje, tunahesabu mahindi. Na hata kama aliyerusha ni kampuni ya mtu binafsi, serikali yake ndiyo inayobeba.

Ila kuna jambo ambalo baraza lenu halikulifikia. Wewe mzee, au huyo fundi, huko hamna sauti. Dai linatoka kwa dola kwenda kwa dola, kupitia mabalozi. Serikali yako ikiona uvivu, au ikiona haifai kugombana na rafiki kwa ajili ya dau moja, huna pa kwenda kwa mkataba huo. Yule mzee wa kwanza aliyesema "serikali" alikuwa karibu na jibu kuliko wenzake.

Dai linalotajwa darasani kila mwaka ni la Kanada. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia ndani, ilisambaratika juu ya kaskazini ya nchi hiyo ikamwaga vipande vyenye mionzi kwenye theluji. Kanada ikadai kama dola milioni 6 za kwao za kusafisha. Mwaka 1981 wakamalizana kwa milioni 3. Nusu, mzee. Na hapo mwenye mali alijulikana tangu siku ya kwanza.

Mwana wa Wote

Mimi ni wa Makueni. Ile siku shemeji alinipigia kutoka upande wa Mbooni akiniambia kumeanguka kitu, nikadhani ameanza sherehe za mwaka mpya mapema.

Nataka kuongeza moja tu, kwa sababu watu wa mbali wanapenda kucheka ile habari. Watu wa pale waliuliza mambo ya fidia mapema kabisa. Halafu mitandaoni pakazuka kwamba Kenya imeidai India mamilioni, shirika likatoka kukanusha, likasema uchunguzi unaendelea na mwenye pete hajathibitishwa. Wanaofuatilia setilaiti kama mchezo wakataja roketi hii, wengine ile. Sasa Wakili, mkataba wako unasema "nchi iliyorusha inalipa". Sawa. Kama hakuna anayesema "ni yangu"?

Wakili wa Kariakoo

@Mwana wa Wote umegusa kidonda. Kuna mkataba mwingine wa 1975 unaotaka kila nchi iandikishe vinavyorushwa, kwenye daftari lake na la Umoja wa Mataifa. Lakini hakuna kifungu kinacholazimisha kila bolti ipigwe muhuri. Gari bovu lina nambari ya chesisi. Pete ya kilo 500 inaweza isiwe na kitu. Kwa hiyo unategemea rada na hesabu za mizunguko, na wenye rada nzuri ndio haohao wanaorusha.

Muda wa kudai ni mwaka mmoja tangu madhara yatokee, au tangu mwenye chombo atambuliwe. Hilo neno "kutambuliwa" ndilo linalowaokoa wanyonge, maana asipojulikana saa haijaanza kuhesabu.

Na msidhani Mmarekani wa kawaida ana nafuu. Machi 2024, nyumba moja ya Naples, Florida, ilitobolewa paa na sakafu na kipande cha gramu kama 700, mabaki ya mzigo wa betri uliotupwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Mkataba hauwahusu, kwa sababu haulindi raia wa nchi ileile iliyorusha. Ilibidi waidai NASA kwa njia za huko kwao.

Nahodha Mstaafu (Malindi)

Marahaba mwanangu, na ahsante. Basi nitoe ile sababu yangu ya pili.

Ninacho kipande cha chuma. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikiokota ufukweni upande wa Ngomeni kabla sijaoa, na mimi nina wajukuu tisa. Ni chepesi kupita kiasi. Ukubwa wake kama sinia la pilau, ukingo mmoja umekunjika, kuna matundu yamepangwa mstari, na ukikitazama ubavuni ndani mna vyumba vidogo kama sega la nyuki. Miaka yote hii kinafunika pipa letu la maji. Kijana wa vyuma chakavu amepita mara mbili akitaka kukipima kwa kilo, ila mizani haishuki hata kilo tatu.

Wasiojua Ngomeni niwaambie. Baharini pale, ghuba ya Ungwana, yamesimama majukwaa ya Waitaliano, San Marco na mwenzake Santa Rita. Kwetu sisi ni alama ya njia tu, ukiyaona mkono huu unajua umefika wapi. Wazee walikuwa wakituambia roketi zilikuwa zikiruka kutoka pale juu ya maji, na moja ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Wengine hufikiri ni hadithi.

Ile pete ilipoanguka Makueni nikakitazama hiki kifuniko changu kwa jicho lingine. Je, ni mali yangu? Nikimuuzia kijana, nimeuza changu au cha mtu?

Wakili wa Kariakoo

Mzee umenitoa usingizini. Si hadithi. Roketi tisa za Kimarekani aina ya Scout zilibeba setilaiti kutoka hapo, ya kwanza Aprili 1967 na ya mwisho Machi 1988. Profesa Luigi Broglio, Mwitaliano, ndiye aliyeanzisha, kituo sasa kina jina lake. Walipapenda kwa sababu mpo karibu na ikweta, dunia yenyewe inakusukuma kuelekea mashariki, na mbele ni bahari tupu. Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri yenu, ikawa ya kwanza duniani kuchunguza nyota kwa eksirei tu. Ilirudi kuungua angani Aprili 1979.

Sasa swali lako. Chombo cha angani hakipotezi mwenyewe. Kikae juu, kizame au kiangukie jikoni kwako, kwa mkataba wa 1967 bado ni mali ya aliyekuwa nacho. Kwa hiyo hiki, kama kweli ni cha roketi (kinaweza kuwa cha ndege pia, hilo sega la nyuki hutumika kwote), si chako, na usimuuzie kijana. Halafu kitoe kwenye maji ya kunywa tafadhali! Mafuta ya baadhi ya vyombo hivi ni sumu. Miaka yote hiyo pengine imekwisha, lakini kwa nini ujaribu?

Ila subiri, maana utamu uko kwenye swali la fundi wenu. Mkataba wa dhima unapotaja "nchi iliyorusha" haumaanishi mwenye roketi peke yake. Ni aliyerusha, aliyeagiza irushwe, aliyetoa mitambo, na *aliyetoa eneo*. Ngomeni ni eneo la nani? Kwa hiyo kipande cha chombo cha Ngomeni kingemuumiza mtu wa Tanga, Tanzania, kama imeuridhia mkataba, ingeweza kuidai Marekani, au Italia, au Kenya, na kumdai yeyote kati yao fidia yote, wao wagawane baadaye. Kingemuumiza mvuvi wa Ngomeni, ndiyo balaa, kwa sababu nchi yake mwenyewe imo kwenye orodha ya warushaji, na nimeshasema mkataba haulindi raia wa nchi iliyorusha. Je, anaweza bado kuidai Italia? Hapo wanasheria hubishana kama baraza lenu. Mambo hayo hutakiwa yafungwe kwenye mkataba wa nchi mbili. Kenya na Italia walitia saini mpya Trento mwaka 2016.

Ndiyo maana kila nikisikia nchi yetu fulani ya Afrika inataka kumkodishia mgeni ufuo wa kurushia roketi, huwa nauliza habari za fidia kabla ya kuuliza kodi.

Umwana wa Kigali

Mnazungumza vya kuanguka tu, na vya kupanda je? Mwaka 1976 Kenya, Uganda, Zaire na wenzao wa ikweta walikutana Bogotá, Kolombia, wakatangaza kwamba ile njia ya setilaiti, kilomita elfu 36 hivi juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana imesimama palepale, ni sehemu ya nchi zao. Wakubwa walicheka, tangazo halikukubaliwa. Nafasi zikaendelea kugawiwa Geneva, kwenye shirika la mawasiliano la ITU, na kwa sehemu kubwa aliyewahi ndiye aliyepata.

Sisi tulijifunza. Mwaka 2021 Rwanda ilipeleka Geneva maombi ya setilaiti zaidi ya 327,000. Msishangae, ni karatasi. Kuna muda wa kuanza kutumia masafa uliyoomba, halafu miaka miwili kuwa na asilimia 10 angani, mitano kuwa na nusu, saba kuwa nazo zote, usipotimiza wanakupunguzia. Desemba 2022 tukatia saini Makubaliano ya Artemis, yale ya Marekani na wenzake kuhusu kwenda mwezini na kutumia anga za juu, sisi na Nigeria wa kwanza Afrika. Kuna wanaosema tunajipendekeza. Mimi naona heri kukaa mezani ukipewa mifupa kuliko kusimama nje unanusa.

Mwana wa Wote

Laki tatu na ushee! Na zikishuka zote zitashukia wapi, kaka? Maana huku tumeshapokea moja.

Nahodha Mstaafu (Malindi)

Nimewasomea barazani yote, mjukuu akisoma na mimi nikifafanua. Fundi ameridhika nusu. Yule wa kadari hajaridhika.

Pipa nimelifunika kwa bati. Kile kipande kiko chini ya mnazi, na kesho nakwenda kwa chifu kumwarifu, sijui atanielewa vipi. Lakini mke wangu ana swali, na ameniamuru niliandike kama lilivyo: kama ni mali ya watu, miaka yote hii tumewatunzia, kodi ya kuwekea haimo kwenye hiyo mikataba yenu?

Wakili wa Kariakoo

Msalimie mama. Kuna mkataba mwingine wa 1968, wa kuokoa wanaanga na kurudisha vyombo vilivyoanguka, kifungu cha 5: gharama za kukipata na kukirudisha analipa aliyekirusha. Kodi ya kuwekea hawakuitaja. Pipa vilevile.