Mjadala: Mwanafunzi wa fizikia apambane na fizikia au na Kiingereza?

Mtoa mada: Ninafundisha fizikia kidato cha kwanza katika shule ya kata, na hoja yangu ni kwamba sekondari zetu za Tanzania zinamchosha mwanafunzi kwa ugumu usiomfundisha somo. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba hupewa kozi fupi ya Kiingereza, kisha hutakiwa aeleze kwa lugha hiyo kwa nini kisu butu hakikati nyanya. Neno letu kanieneo lenyewe linamfunulia kwamba ni kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, iliyogawanywa kwa eneo, hivyo makali yakiwa membamba, kani ileile huelemea mahali padogo. Kwa Kiingereza hukariri fasili, akaiandika bila kosa, na nikimwekea kisu na nyanya mezani hana la kusema.

Sidai kwamba kujifunza kuwe kwepesi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Bjork, aliyeandika mwaka 1994 kuhusu ugumu wenye manufaa, alionyesha kwamba kujikumbusha bila daftari, kuchanganya aina za maswali na kurudia mada baada ya siku kadhaa humtaabisha mwanafunzi lakini hufanya maarifa yakae. Hata hivyo, ugumu huo hufaa pale tu anayejifunza anapokuwa na nyenzo za kuushinda, na hapa nyenzo ni Kiingereza cha kutosha, ambacho wanafunzi wangu wengi hawana. Tume ya Makweta, iliyoundwa na rais kuchunguza elimu ya nchi, ilikwisha kupendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari mwaka 1982. Kwa nini tunasita?

Mchangiaji: Mwalimu, shikamoo. Nakubali habari ya kisu, ila mimi ni mzazi na nina hofu moja. Wenye uwezo wataendelea kuwapeleka watoto wao shule za Kiingereza tangu awali, na wa kwangu atafika chuo kikuu akute vitabu asivyoweza kuvisoma. Je, hatutakuwa tumemwondolea ugumu leo ili tumkabidhi mkubwa zaidi kesho?

Mtoa mada: Marahaba. Hofu yako ni ya haki, nami sitaki Kiingereza kiondoke shuleni. Nataka kifundishwe kama somo, na mwalimu aliyekisomea, kwa hadithi na mazungumzo na insha za kila wiki, badala ya kuniachia mimi nikifundishe kwa kuvizia katikati ya somo la kani, kazi ambayo nakiri siiwezi. Mtoto anayeelewa kanieneo atajifunza jina lake la Kiingereza kwa siku moja. Anayelijua jina pekee hufika kidato cha nne bila kuelewa kitu chenyewe.

Pendekezo langu ni kuanza na kidato cha kwanza na cha pili, mradi upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili upokee majibu ya Kiswahili. Bila hilo, sisi walimu tutarudi kukaririsha, kwa kuwa hufundishwa kile kinachotahiniwa.