Naomba ushauri: Yokukansan ya Wajapani kwa msongo wa mawazo

Habari zenu wakuu. Dada yangu anayeishi Osaka kaniletea pakiti za Yokukansan, chengachenga za kahawia za kunywa na maji ya uvuguvugu kabla ya kula. Anasema zitanituliza msongo wa kazi nipate usingizi. Ni mchanganyiko wa mitishamba 7, na kule Japani madaktari huiandika na bima ya afya ya taifa huilipia. Hilo lilinipa moyo.

Lakini asili yake ilikuwa dawa ya watoto wanaolia usiku, na tafiti nyingi zimefanywa kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, wale wanaofoka na kuhangaika; mmoja wa 2005 ulikuwa na wagonjwa 52. Mimi bado nina akili timamu (nadhani!). Matokeo yale yananihusu vipi?

Kinachonitisha zaidi ni urukususu (mzizi mtamu, kwa Kiingereza licorice) uliomo ndani. Unaweza kushusha potasiamu mwilini na kupandisha presha, nami presha ninayo, tena natumia vidonge vya kukojosha. Mfamasia wa mtaani hajawahi hata kuisikia.

Wataalamu, niipime potasiamu kwanza au niachane nayo kabisa? Na kuna aliyeona utafiti kwa watu wenye msongo wa kawaida tu? Za "jirani yangu alipona" ninazo za kutosha.