Ndago zimevamia mawaridi, nina siku 9 tu. Chumvi inafaa?

Mpangaji Mpole: Wakuu, salaam. Niko Tanga. Kwenye matuta ya mawaridi na asumini hapa nyumbani zimejaa ndago. Nang'oa leo, keshokutwa zimesimama tena kama hazijaguswa. Nasikia chumvi inaua kila kitu. Nimwage kiasi gani? Wenye uzoefu tu, matani tuache. Nina siku 9.

Kijiwe Baridi: Siku 9 kuna nini, ndago wana harusi?

Bwana Miche: Chumvi usiguse. Kwanza vingirisha shina kwenye vidole, likiwa na pembe tatu basi ni ndago kweli. Ukivuta kwa mkono linakuja jani, vinundu vinabaki chini vimeungana kwa nyuzi kama shanga. Ukikata cha juu, vya chini vinaamka. Chimba kwa uma wa bustani, maana jembe linavisambaza. Shuka sentimita 20 hivi, chekecha udongo, vinundu vianike juani vikauke kabisa, na usivitupe kwenye shimo la mboji. Zitakazochipua ng'oa kabla ya wiki 3, zisije zikazaa vinundu vingine. Ndago hazipendi kivuli pia, kwa hiyo baadaye bananisha maua. Ila hii ni kazi ya msimu mzima. Umeshaweka dawa yoyote?

Mama Kibarazani: Mimi ndago nilizinunua kwa pesa yangu. Nilileta kirikuu kizima cha udongo mweusi, dereva akaapa umetoka bondeni, safi. Mvua ya kwanza tu, ua mzima kijani! Jirani akanipongeza kwa kupanda ukoka. Mpaka leo sijui alikuwa ananisema au anajua kweli. Hatusalimiani.

Mpangaji Mpole: Nashukuru. Hayo ya kuchekecha sina muda nayo. Chumvi kiasi gani?

Bwana Miche: Nimeuliza dawa.

Mpangaji Mpole: Nilipiga glaifosati kidogo, wiki mbili nyuma. Muuzaji wa pembejeo alisema ni dawa ya magugu, na waridi si gugu. Kaupepo kalikuwepo, lakini ka kawaida tu. Sioni kosa langu liko wapi.

Bwana Miche: Dawa hiyo haijui gugu wala ua. Jani bichi lolote inaloliangukia inaingia, inashuka hadi mzizini. Majani machanga ya waridi yanatoka membamba kama sindano?

Mpangaji Mpole: Ndiyo. Na manjano.

Bwana Miche: Kata matawi hayo hadi penye kijani safi, mwagilia, subiri. Udongo hauna neno, dawa hiyo ikifika chini udongo unaishika. Ukimwaga chumvi ndiyo umemaliza: waridi halivumilii chumvi, na hapo hutapanda kitu kwa muda mrefu.

Mpangaji Mpole: Nimeshanunua gunia. Kilo 50. Nimwage kidogo kidogo basi?

Kijiwe Baridi: Mtu ana kilo 50 za chumvi halafu anasema matani tuache.

Kipanga Jicho: Wadau, hii ni chai, tena ya tangawizi. Mwezi wa pili huyu huyu alileta uzi kwamba kapanga chumba kimoja Makorora, choo cha nje, na mwenye nyumba hataki hata ndoo ya mchicha mlangoni. Leo ana matuta ya mawaridi. Kayapanda juu ya bati?

Mama Kibarazani: Eh! Na mimi nilikuwa namwonea huruma.

Kipanga Jicho: Tupia picha au uzi ufungwe.

Mpangaji Mpole: Chumba bado ninacho. Hapa ni Raskazone, kwa mama mkwe. Alikwenda Muscat kumlea binti yake aliyejifungua, akatuachia nyumba miezi mitatu. Mawaridi vipandikizi alivitoa Lushoto, kabebea mapajani kwenye basi. Anarudi Jumanne ya wiki ijayo. Sikuficha, hakuna aliyeuliza maua ni ya nani. Na kwenye simu nilishamwambia ni ukungu.

Mama Kibarazani: Ukungu! Baba, mkwe ni mama yako. Mpigie leo hii, na mkeo awe pembeni. Akikuta mwenyewe atayahesabu yote, mpaka siku ya posa.

Mpangaji Mpole: Mke wangu ndiye aliyesema tuseme ukungu. Picha hii hapa.

Kipanga Jicho: Nafuta kauli. Pole sana, shemeji.

Bwana Miche: Nimeikuza picha. Mawaridi 6 yamepauka, lile la kwenye kona karibu na bomba linaonekana halijaguswa, chukua vipandikizi hapo mapema. Na ndago mbona ncha tu ndizo zimeungua? Pembeni zinachipua upya.

Kijiwe Baridi: Dawa imewapa hamu ya kula.

Ng'onda Mkavu: Mimi nakausha samaki, niko Chumbageni. Hiyo chumvi ni ya mawe au ya unga? Kama hujafungua gunia nakuja nayo toroli jioni. Hela nusu, nusu papa mkavu.

Mpangaji Mpole: Ya mawe. Mama anapenda sana papa. Njoo kabla ya magharibi.