Filamu fupi ya kwanza: simu yenye maikrofoni, au kamera ya kuazima?

Chipukizi:
Ndugu wanajukwaa, mimi ni mwanafunzi wa sekondari na ninajiandaa kutengeneza filamu fupi ya kwanza pamoja na wenzangu. Mswada una kurasa sita, na karibu wote ni mazungumzo ya ndugu wawili chumbani. Naweza kutumia simu yangu na kununua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, au kuazima kamera ya shule yenye lenzi za kubadilisha, ambayo kwa bahati mbaya haina tundu la maikrofoni ya nje. Mngechagua ipi?

Mshika Lenzi:
Kamera, bila kusita. Sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa kuliko ya simu, kwa hiyo hukusanya mwanga mwingi zaidi, na tundu la lenzi likifunguliwa vizuri uso wa mwigizaji hubaki angavu huku ukuta wa nyuma ukififia wenyewe, si kwa hesabu za programu za simu ambazo mara nyingi hukata masikio na ncha za nywele. Vilevile utajifunza kuweka vipimo kwa mkono: ukirekodi fremu (picha mojamoja zinazounda video) 24 au 25 kwa sekunde, kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde ili mwendo uonekane wa kawaida.

Sikio la Tatu:
Naheshimu hoja hiyo, lakini inajibu swali la picha ilhali mswada ni wa mazungumzo. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga. Maneno yasiyosikika humchosha mara moja. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera, ikiwa mbali na msemaji, hunasa mwangwi wa kuta na mvumo wa feni pamoja na sauti yake, ilhali ile ya kubana hukaa kama shubiri moja chini ya kidevu na kuipata sauti ikiwa bado safi. Epukeni nguo za nailoni, kwa kuwa mkwaruzo wake ni mgumu sana kuuondoa wakati wa kuhariri. Kabla ya kutoka chumbani, rekodini pia nusu dakika ya ukimya wake, watu wote wakiwa wametulia, ili mhariri apate cha kuziba mapengo kati ya sentensi. Wanaoanza wengi huiruka hatua hii.

Mhariri wa Usiku:
Mbona mnashindana? Kamera ipige picha, na kila mwigizaji awe na simu mfukoni, ikiwa imezimwa mtandao na kuchomekwa maikrofoni, kama kinasa sauti. Mwanzoni mwa kila shoti mtu apige kofi moja mbele ya lenzi. Katika uhariri utalinganisha kilele cha mlio ule na fremu ambayo viganja vinakutana. Tahadhari ni moja: simu nyingi hurekodi video kwa idadi ya fremu inayobadilikabadilika, hivyo ukipiga picha kwa simu na kunasa sauti kwa kifaa kingine, sauti huweza kuachana na midomo kadiri shoti inavyorefuka. HandBrake, programu ya bure, huigeuza video hiyo iwe na idadi thabiti ya fremu. Kwa kuhariri, DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, ila linadai kompyuta yenye nguvu. Kompyuta ikiwa dhaifu, jaribu Kdenlive.

Chipukizi:
Na ikiwa kamera itakosekana siku hiyo?

Mshika Lenzi:
Simu haitakuangusha. Mwongozaji Sean Baker alipiga filamu ndefu, *Tangerine* ya mwaka 2015, kwa iPhone 5s. Funga tu kipimo cha mwangaza, la sivyo picha itapauka na kuwa giza kila mwigizaji anapopita dirishani. Taa za mirija zikileta mistari inayotembea, tumia shata 1/50 au 1/100 penye umeme wa hezi 50, na 1/60 au 1/120 penye hezi 60.

Sikio la Tatu:
Kwa kawaida ukurasa mmoja wa mswada huwa kama dakika moja. Dakika sita za watu wawili walioketi wakizungumza ni nyingi kwa kazi ya kwanza. Someni kwa sauti, kisha mfute kila sentensi ambayo mwigizaji anaweza kuisema kwa macho.

Chipukizi:
Tumekubaliana: kamera kwa picha, simu mbili kwa sauti. Tumesoma kwa sauti jioni hii, na ukurasa wa nne tumeufuta wote, kwa kuwa ndugu wale walikuwa wakielezana mambo ambayo wote wawili tayari wanayajua.